Mashine Iko Sawa, Maziwa Hakuna: Kisa cha Ombi Moja la Tasnifu Kisumu

Kichwa cha kwanza kilisomeka hivi: "Athari ya Uvumbuzi wa Kiteknolojia kwa Utendaji wa Biashara Ndogo na za Kati katika Kaunti ya Kisumu, Kenya." Aliyewahi kukaa kwenye kamati ya uzamili ya chuo chochote kuanzia Njoro hadi Bondo ameshakutana nacho, labda kikiwa kimebadilishwa nguo kidogo: Kisumu imekuwa Kakamega, biashara zimekuwa SACCO, uvumbuzi umekuwa "mikakati ya uvumbuzi". Kilikataliwa. Baadaye mwanafunzi yuleyule akarudi katika idara ileile na ombi jingine, nalo likapita kwa marekebisho machache. Wenzake darasani wanasema alibahatika, alipata msimamizi mpole. Msimamizi hakubadilika. Kilichobadilika ndicho ninachotaka kukichambua hapa.

Kazi yangu ni kuwasaidia wanafunzi wa uzamili kupanga maandiko yao kabla hayajafika mezani kwa idara, na kisa hiki nilikifuata tangu mwanzo. Mwenyewe ameniruhusu nikieleze mradi nisitaje jina lake, chuo chake wala mwajiri wake. Nitamwita mwanafunzi, basi, ingawa ni mama wa watoto wawili mwenye miaka thelathini na ushei, anayekaa Mamboleo na kuajiriwa mjini. Shahada anayosomea ni ya usimamizi wa teknolojia na uvumbuzi. Masomo ya darasani alikuwa ameyamaliza, alama zake nzuri. Kilichobaki ni tasnifu, na tasnifu kwetu huanza na konsepti: kurasa chache za kuiomba idara ikubali wazo lako na ikupe wasimamizi.

Ombi la kwanza

Ile konsepti ilianza na dunia nzima. Aya ya kwanza ilisema uvumbuzi ndio injini ya uchumi wa mataifa yaliyoendelea. Ya pili ikashuka barani Afrika. Ya tatu ikaingia Kenya na kuitaja M-Pesa ya mwaka 2007, kama ada. Kisumu ilijitokeza kwenye aya ya nne kwa sentensi mbili, na moja kati ya hizo ilihusu Ziwa Victoria. Kisha zikafuata nadharia nne: usambaaji wa uvumbuzi wa Everett Rogers wa 1962, modeli ya Fred Davis ya 1989 kuhusu watu kuikubali teknolojia, mtazamo wa rasilimali wa Jay Barney wa 1991, na ile modeli ya UTAUT ya 2003, nayo ya kueleza watu wanavyoikubali na kuitumia teknolojia. Nilimuuliza ni ipi kati ya hizo ingemlazimisha kubadilisha hata swali moja katika hojaji yake. Alifikiri kidogo, akacheka. "Lakini si kila mtu huweka nne?"

Mbinu nayo ilikuwa ya kawaida: hojaji yenye kipimo cha Likert, cha kukubali au kukataa kwa 1 hadi 5, biashara 400, sampuli 200. Hapo kwenye 200 pananifurahisha kila ninapopaona. Fomula ya Yamane ya kukadiria ukubwa wa sampuli inasema ugawanye N, idadi ya kundi zima, kwa 1 + Ne², e ikiwa kosa linaloruhusiwa. Ukiweka 400 na kosa la 0.05, chini ya mstari unapata 1 + 400 × 0.0025, yaani 2, na jibu linatoka 200 bila masalio. Hesabu inayotoka safi namna hiyo humfanya msomaji aulize hizo biashara 400 zimeandikwa wapi. Hazikuwa zimeandikwa popote. Nambari ilitoka kwenye tasnifu ya mtu aliyemtangulia, naye huyo, tulipofuatilia, hakuonyesha orodha yake.

Kulikuwa na kasoro nyingine ambayo mwanafunzi hakuiona na ambayo wanafunzi wengi hawaioni. Alisema atachunguza biashara "ndogo na za kati", huku mifano yake yote ikiwa vibanda vya Manyatta na Nyalenda na maduka ya Kondele. Sheria ya mwaka 2012 ya biashara za aina hii inataja ngazi mbili. Ya chini kabisa ni biashara yenye mauzo yasiyozidi shilingi 500,000 kwa mwaka na wafanyakazi wasiofika 10. Inayofuata ina mauzo ya kati ya 500,000 na milioni 5, na wafanyakazi kati ya 10 na 50. Kibanda cha mtu mmoja na mpwa wake ni cha ngazi ile ya chini. Biashara "za kati" hazimo katika sheria hiyo. Kwa hiyo kichwa kilikuwa kinazungumzia kundi moja na hojaji ingekwenda kwa kundi jingine, na hilo lingegunduliwa siku ya kutetea, mbele ya watu.

Barua aliyoiambatisha ndiyo iliyonishangaza zaidi. Ilijaa alama za masomo, semina alizohudhuria, na aya nzima ya jinsi anavyoipenda fani. Wapi alitoa mtindo huo? Alikuwa amepakua mfano wa maombi ya tasnifu kutoka chuo kimoja cha Ujerumani. Kule kuna taasisi zenye jina la fani yake hasa. Aachen na Hamburg zinazo. Mwanafunzi wa kule huiomba taasisi imchukue: mara nyingi mada zimeshatangazwa na maprofesa, naye hutuma wasifu, nakala ya alama na andiko fupi la kuonyesha atakavyoifanyia kazi mada fulani. Tasnifu ya uzamili huko kwa kawaida ina uzito wa pointi 30 za ECTS, kipimo cha Ulaya cha uzito wa masomo, na kila pointi huhesabiwa kuwa saa 25 hadi 30 za kazi. Ni saa 750 hadi 900. Taasisi inapotangaza mada ina haki ya kuuliza wewe ni nani, kwa kuwa swali la utafiti tayari inalo yenyewe.

Huku kwetu mambo yamegeuzwa. Idara haina mada mkononi. Inakungojea wewe uilete, na ukiileta ndipo itakapotafuta nani akusimamie. Alama zako ziko kwenye faili la ofisi, hakuna anayehitaji kukumbushwa. Barua ya kujisifu haina mahali pa kukaa katika utaratibu huo, na ukiijaza kurasa mbili unakuwa umezinyima nafasi kurasa mbili za swali lako. Simlaumu kwa kuiga. Maelekezo ya idara yake yalikuwa karatasi moja yenye vichwa vya sura na ukubwa wa herufi, basi. Mtu aliyepewa ukubwa wa herufi bila kuambiwa ombi zuri linafananaje ataangalia kokote penye mwanga.

Jibu la msimamizi

Jibu lilikuja kwa barua pepe, fupi kama risiti. Msimamizi, nitamwita Daktari, aliuliza mambo mawili. Kwanza: nani, mwenye jina la kazi yake, atafanya uamuzi tofauti akiisoma tasnifu hii? Pili: una nini mkononi ambacho mwanafunzi mwingine wa Kisumu hana? Chini yake: "Ukipata majibu njoo tuongee."

Mwanafunzi aliyachukua kama matusi. Kundi la WhatsApp la darasa lilichangamka jioni hiyo. Mmoja alimshauri aombe kubadilishiwa msimamizi. Mwingine alimpa nambari ya kijana wa saiba mjini ambaye angeandika konsepti mpya na kuifikisha Ijumaa. Watu huizungumzia kazi hiyo ya saiba kama vile ni kupiga chapa. Aliulizia bei, akaguna, akaachana nayo.

Naona Daktari alikuwa na haki katika maswali yake na mkavu mno katika namna ya kuyauliza. Swali la pili lilikuwa zawadi, ila lilifungwa vibaya. Mwanafunzi alilielewa kwamba anaulizwa ana sifa gani, akaanza kuorodhesha kozi za takwimu alizosoma. Sentensi moja ya ziada, kwa mfano "nieleze unafanya kazi gani mchana", ingemwokolea muhula mzima, na muhula una ada yake.

Kwa sababu mchana anafanya kazi katika kampuni inayouza ATM za maziwa.

Msomaji wa Kenya hahitaji kuelezwa sana. Ni lile kabati la chuma kisichoshika kutu, lenye tangi lililopozwa ndani na vibonye mbele. Mteja anakuja na chupa au jagi lake, anasema "ya ishirini", mwenye duka anabonyeza 20 na maziwa yanateremka kwa kipimo cha fedha hiyo. Mtoto anaweza kutumwa na shilingi kumi. Pakiti hairuhusu hivyo, ina bei yake na ujazo wake. Kisumu maziwa mengi ya mashine hizi hutoka juu, Nandi, na yanapaswa kuwa yameshapashwa moto kiwandani kuua vijidudu kisha yakapozwa. Mwenye duka anahitaji kibali cha Bodi ya Maziwa na leseni ya biashara ya kaunti, na kipimo cha mashine hukaguliwa na watu wa mizani na vipimo. Mashine yenyewe wengi huichukua kwa mkopo: unaweka kiasi, unalipa kila mwezi.

Dada huyu ndiye anayepokea simu za wateja ambao mashine zao zimegoma. Anaandika malalamiko, anampangia fundi safari, na fundi akirudi anaandika alichokikuta. Yote katika daftari kubwa la jalada gumu. Miaka kadhaa ya daftari hizo iko kabatini nyuma ya kiti chake, naye alikuwa anaomba ruhusa ya kusambaza hojaji 200 Kondele.

Ndani ya daftari

Tulilifungua pamoja, kwa idhini ya bosi wake, vidole vyangu vikiwa mbali na safu ya majina. Kila ukurasa umegawanywa kwa rula. Upande wa kushoto tarehe, mahali na malalamiko ya mteja. Upande wa kulia, kwa mwandiko mwingine uliolala, maneno ya fundi. Kushoto: "Haipoezi." Kulia: "Gesi imeisha, imejazwa." Kushoto: "Inapima kidogo, watu wanalalamika." Kulia: "Pampu ina mafuta ya maziwa, imesafishwa. Ameonyeshwa tena namna ya kuosha." Kushoto: "Stima ilirudi kwa nguvu." Kulia: "Ubao umeungua." Mambo unayoyatarajia.

Ila kuna mstari uliojirudia kiasi cha kunifanya niache kusoma na kuanza kuutafuta. Kushoto: "Mashine imekufa kabisa." Kulia: "Mashine iko sawa. Maziwa hakuna."

Nilimuuliza maana yake. Alijibu bila kusita, kama mtu anayeulizwa njia ya kwenda kwake. "Hao ni wa kiangazi. Kuanzia Januari ng'ombe wanapunguza, maziwa ya Nandi yanapanda bei, na yule wa pikipiki anawapelekea kwanza wateja wakubwa. Huyu wa kibanda anakosa. Sasa mashine imekaa tupu na tarehe ya kulipa imefika. Akisema imeharibika, tunamsubiri hadi fundi aende. Anapata wiki moja ya kupumua."

"Na baadaye?"

"Wengine wanavuka. Wengine wanairudisha."

Nikamwambia hiyo ndiyo tasnifu. Akasema, "Hiyo? Hiyo si ni kazi tu."

Hapa ndipo ninapoliona kosa la msingi la ombi la kwanza, na ni kosa linalozidi nadharia nne na sampuli ya 200. Mwanafunzi aliamini kwamba utafiti uko nje, mahali ambapo mtu anakwenda na karatasi, na kwamba anachokijua kwa kuketi pale dukani miaka yote hakina hadhi. Katika fani nyingine pengine imani hiyo haina madhara makubwa. Katika usimamizi wa teknolojia ni hasara tupu, maana fani nzima inahusu maamuzi ya watu wanaonunua, wanaouza, wanaotengeneza na wanaoachana na vyombo, na maamuzi hayo huacha alama zake katika vitu kama daftari hilo. Profesa wa Hamburg hawezi kulipata. Mwenzake wa darasani hawezi kulipata. Ndilo jibu la swali la pili la Daktari, na lilikuwa nyuma ya kiti.

Lilitupatia na jibu la swali la kwanza. Nani atafanya uamuzi tofauti? Kampuni za kuuza mashine. Leo zinampima mteja kwa uwezo wake wa kuweka fedha za mwanzo. Ikionekana kwamba mashine zinarudishwa na watu wasio na mtu wa uhakika wa kuwaletea maziwa, basi fomu ya mkopo inapaswa kuuliza jambo jingine kabisa. Vilevile tarehe za malipo zinaweza kupangwa upya kufuata misimu.

Ombi la pili

Kichwa kipya kilikuwa kirefu kuliko ninavyopenda, lakini kilisema kitu: kuachwa kwa mashine za kuuzia maziwa zilizokopeshwa wenye maduka madogo katika Kisumu na miji jirani, na nafasi ya upatikanaji wa maziwa katika uamuzi huo. Dunia na bara vikaondolewa. Aya ya kwanza ikaanza na ule mstari wa fundi, wenye malalamiko upande mmoja na alichokikuta upande wa pili.

Nadharia zilibaki mbili, na kila moja ilipewa kazi. Rogers watu humtaja kwa zile sifa tano za uvumbuzi na kuishia hapo. Lakini alieleza pia mtu anavyoacha kitu baada ya kukikubali, na akatofautisha anayeacha kwa kuwa amepata kizuri zaidi na anayeacha kwa kuwa hakuridhika nacho. Daftari linaleta sura isiyokaa sawasawa katika yoyote kati ya hizo mbili: mtu anayeipenda mashine, asiye na nyingine, na anairudisha. Hapo ndipo David Teece wa 1986 alipoingia, na hoja yake kwamba faida ya uvumbuzi hutegemea vitu vingine vinavyouzunguka na ambavyo mvumbuzi huenda havimiliki. Yeye alikuwa anazungumzia kampuni na kwa nini wavumbuzi hupokonywa faida na wengine. Mwanafunzi aliivuta hoja hiyo hadi kwenye kibanda: mashine bila mleta maziwa ni kabati ghali. Kuivuta nadharia namna hiyo kunahitaji kutetewa, na alikutetea kwa nusu ukurasa. Nusu ukurasa huo kwangu unazidi sura nzima za mapitio nilizowahi kusoma.

Fomula ya Yamane ilitoka. Mashine zilizorudishwa ni chache kiasi kwamba wenye nazo wote wanaweza kutafutwa mmoja mmoja. Ukiwa na kundi dogo hivyo, sampuli ni ya nini? Kulingana na daftari, wengi wako ndani ya safari ya matatu ya siku moja kutoka mjini: Ahero, Luanda, Maseno, Muhoroni.

Ugumu ulihamia kwingine, kwa mwajiri. Bosi, mzee mmoja mwenye busara za biashara, alikubali haraka, halafu usiku mmoja akaanza kuwaza. Asubuhi alimwita. "Mama, hii kitu washindani wangu wakisoma?" Wasiwasi wake ulikuwa halali. Wanafunzi wengi hufika hapo wakiwa na barua ya ruhusa ya mstari mmoja, na mwajiri akibadilisha nia katikati ya kazi huambulia patupu. Ujerumani tasnifu zinazofanywa na kampuni mara nyingi huwekewa kizuizi cha maandishi: wakaguzi wanaisoma, umma hauisomi kwa muda uliokubaliwa. Nilimtajia, akauliza idarani kwake. Jibu lilikuwa kwamba tasnifu yake itakwenda maktaba na kwenye hifadhi ya mtandaoni kama nyingine zote. Kwa hiyo mapatano yalibidi yafanyike kabla, kwenye karatasi. Jina la kampuni halitaonekana. Bei na masharti ya mkopo yatatajwa kwa jumla. Daftari halitoki ofisini. Ananakili mistari bila majina wala nambari za simu. Bosi atasoma rasimu na ana haki ya kusema "hapa umenitaja", lakini hana haki ya kuondoa matokeo yasiyompendeza. Kipengele hicho cha mwisho walikizungumza kwa chai mbili. Nadhani ndicho kilichomshawishi Daktari kuliko Teece.

Lipo na suala la wateja wenyewe. Walipiga simu wakitaka kutengenezewa mashine; hawakupiga simu ili wawe data. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka taarifa za mtu zitumike kwa lengo lililozifanya zikusanywe, na lengo jingine lisiloendana nalo litafutiwe msingi wake. Pendekezo likasema wazi kwamba kila mwenye duka atakayehojiwa ataombwa ridhaa upya, na simu ya kumwomba haitatoka kwenye dawati la malipo. Hilo la dawati lilikuwa wazo la mwanafunzi mwenyewe. Alijua kwamba akipiga kwa nambari ya ofisi, mteja mwenye deni atasema ndiyo kwa hofu.

Kikao

Siku ya kutetea alipewa dakika kumi na tano na projekta iliyokuwa ikizimika. Alikuwa amechapa nakala.

Mjumbe mmoja alisimama imara kwamba tasnifu ya uzamili bila regresheni, ile hesabu ya kupima jambo moja linavyoendana na jingine, haijatimia. Hoja hiyo haikosekani, na hapa haikuwa na miguu: huwezi kuendesha regresheni ya maana kwa mashine chache zilizorudishwa, na ukilazimisha utapata nambari zenye nyota za kuvutia zisizosema kitu. Daktari alimjibu mwenzake kwa upole kuliko alivyomwandikia mwanafunzi wake. Wakakubaliana kuwe na majedwali ya mistari ya daftari kwa mwezi, kiangazi na masika vikilinganishwa, na mahojiano yawe kiini.

Mjumbe wa pili, mama wa idara ya uchumi wa kilimo aliyealikwa, ndiye aliyeuliza swali lililostahili. "Umetafuta waliorudisha. Waliokosa maziwa kiangazi kilekile na hawakurudisha, wako wapi katika pendekezo lako?" Chumba kilitulia. Hawakuwepo. Tungeenda na pendekezo hilo tungegundua kwamba wote waliorudisha mashine walikosa maziwa, tukashangilia, bila kujua kwamba waliobaki nao walikosa vilevile. Mwanafunzi hakubabaika. Alisema daftari linao, kwa sababu ule mstari wa "iko sawa, maziwa hakuna" umeandikwa kwa wote, na anaweza kumtafutia kila aliyerudisha mwenzake aliyebaki, wa mji uleule na msimu uleule. "Andika hivyo," mama akasema, na hayo ndiyo yakawa marekebisho makubwa.

Kwa maoni yangu mabadiliko hayo yalilifanya pendekezo kuwa zuri maradufu, na pia yaliibua uwezekano ambao bosi hataufurahia. Huenda waliobaki walibaki kwa kuwa fundi alichelewa kufika kwao, wakapata wiki tatu za kupumua badala ya moja. Kama ni hivyo, kampuni imekuwa ikiwaokoa wateja wake kwa uzembe. Tumelizungumza hilo mimi na mwanafunzi tu, kwa sasa, na safu ya tarehe katika daftari inatosha kulipima.

Vibali vilifuata: barua ya shule ya uzamili, kamati ya maadili, kisha leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia, ambayo huombwa mtandaoni, na baada yake kupita kwa kamishna wa kaunti na mkurugenzi wa elimu kutoa taarifa kabla ya kuanza. Miji yake iko katika kaunti zaidi ya moja. Luanda iko Vihiga, kwa hiyo ofisi ni nyingi. Kamati ya maadili ilirudisha fomu mara moja, ikitaka maelezo ya ridhaa yawe pia kwa Kiswahili na Dholuo. Aliyaandika mwenyewe, na ya Dholuo akampa mama mkwe wake ayasome kwa sauti. Palipomkwaza mama mkwe, alibadilisha.

Sasa anangojea leseni. Ameomba likizo yake iangukie Februari, wakati vibanda vitakuwa tupu na wenye navyo watakuwa na muda wa kuongea, ingawa fundi anamwonya kwamba Februari ndio mwezi ambao hawapokei simu za kampuni. Amenunua laini mpya.